Shangazi hayumo

Nina kibanda cha steshenari karibu na stendi ya daladala ya Sabasaba, hapa Dodoma. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za ajira na za mikopo ya wanafunzi. Si mwandishi wala mtaalamu wa kompyuta. Naandika haya kwa sababu kwa miaka miwili nimehangaika kuwaingiza wasanii wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huku Dodoma, kwenye Wikipedia. Nimefutiwa, nimefungiwa, hela zimenitoka, na mara mbili nimekosana na watu ninaowapenda. Kama kuna mwenzangu anapanga kazi kama hii huko Singida, Mpwapwa au kokote, bora ajue mapema mimi nilijikwaa wapi.

Mambo yalianza Machi 2023. Shangazi yangu alitoka Chamwino akiwa na mama wanne wa kikundi chao, wote wapigaji wa muheme. Muheme, kwa asiyejua, ni ngoma ya wanawake. Ngoma zenyewe ni ndefu, nyembamba kiunoni, mpigaji huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku wenzake wakiimba. Kuna mratibu wa hafla alikuwa anatafuta kikundi cha asili cha kupokea wageni mjini, akataka “profaili”. Wakaja kwangu niwachapie. Nikachapa kurasa mbili, nikaweka na picha, sikuwatoza hata shilingi. Mratibu akaipokea WhatsApp, akakaa nusu saa, akajibu: “Dada, hawa nimewagugo hawatokei kabisa. Nina kikundi kingine kipo mpaka Wikipedia.”

Wakachukuliwa hao wengine. Nilipomsomea shangazi ule ujumbe akaniuliza, “Huyo Wikipedia ni nani, na yeye anapiga wapi?”

Mama wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Shangazi amepiga ngoma tangu kabla sijazaliwa, na usiku ule nikaapa kwamba kabla ya jogoo kuwika atakuwa humo.

Nilifungua akaunti kwa simu, nikaipa jina la kikundi chao. Hilo kosa la kwanza. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza akaunti ni ya mtu mmoja, hairuhusiwi kubeba jina la kikundi, kampuni wala bendi. Halafu akaunti mpya hairuhusiwi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka itimize siku nne na mahariri kumi. Sikulijua hilo, niliona tu mlango umefungwa, nikazunguka dirishani: nikaandika yote kwenye ukurasa wangu wa mtumiaji. Niliandika kwa moyo wote. “Mwanamuziki maarufu na mwenye kipaji cha kipekee, anayependwa na wote, kwa mialiko wasiliana nasi…” na namba yangu ya simu chini. Nililala saa nane za usiku nikiwa na furaha.

Asubuhi nilikuta ukurasa umefutwa kwa kosa la kuwa tangazo la biashara, na akaunti imefungiwa kwa sababu ya jina. Nililia, sitaficha. Nilidhani wazungu wametukataa. Nikaenda Fesibuku nikaandika maneno ambayo baadaye niliyafuta mwenyewe kimyakimya.

Miezi ilipita ndipo nikaelewa kwamba yule aliyenifutia alikuwa sahihi, ingawa angeweza kuniambia kwa upole zaidi. Wikipedia haimuulizi mtu kama ni hodari. Inauliza: nani mwingine, asiye ndugu yako wala bosi wako wala wewe mwenyewe, ameandika habari zako kwa kina mahali panapoaminika? Ni kama kwenda kukopa benki. Barua uliyojiandikia mwenyewe kwamba wewe ni mwaminifu haisaidii hata ukiigonga mihuri kumi. Wanataka ya mtendaji wa kijiji. Gazeti, kitabu, utafiti wa chuo, kipindi cha redio kilichohifadhiwa, hizo ndizo barua za mtendaji. Fesibuku, YouTube ya kikundi na profaili niliyoichapa kwenye kibanda changu hazimo.

Na hapo ndipo penye uchungu wa kazi yenyewe. Mwanamke anayepiga ngoma Chamwino anaandikwa na nani? Akitajwa, anatajwa kama “kikundi cha akina mama kikitumbuiza”, chini ya picha ya kiongozi anayewapungia mkono. Jina la kiongozi lipo, vyeo vyake vyote vipo. Jina la mama halipo. Ensaiklopidia ni kioo cha kilichokwisha kuandikwa, kwa hiyo aliyesahauliwa huko nyuma anasahauliwa mara ya pili. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2015, katika wasifu wote uliokuwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, wa wanawake ulikuwa kama asilimia 15 tu. Mwaka huohuo baadhi ya wahariri wakaanzisha mradi unaoitwa Women in Red. Neno la rangi nyekundu linatokana na viungo: jina ambalo bado halina makala huandikwa kwa wekundu, likishapata makala linageuka bluu. Leo wamefika kama asilimia 20. Miaka yote hiyo, watu wote hao, asilimia tano. Niliposoma takwimu hiyo niliacha kuona ajabu kwamba mimi nimeshindwa kwa usiku mmoja.

Nikafungua akaunti nyingine kwa jina langu na kuhamia Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003. Huku jumuiya ni ndogo, watu wanajuana, na wakabidhi (ndivyo wanavyoitwa wasimamizi) wanaweza kukujibu kwa Kiswahili siku hiyohiyo. Nikasema sawa, nikishindwa kumwandika shangazi nitaandika wanamuziki wanawake wa Afrika ambao tayari wapo kwa Kiingereza. Nikachukua makala saba, nikazitupia kwenye mashine ya kutafsiri, nikabandika. Zote saba kwa jioni moja, kati ya mteja na mteja.

Aibu ya siku ile naikumbuka mpaka leo. Mashine ilikuwa imeandika kwamba mama mmoja “anapiga mapipa”, maana ngoma na pipa kwa Kiingereza vinaweza kuwa neno moja. Wimbo uliotoka peke yake bila albamu ukawa “mseja wake wa kwanza”. Albamu “iliachiliwa huru mwaka 1998”, utadhani ilikuwa Isanga, gereza letu. Na ilimba, kile chombo cha mabamba ya chuma ambacho babu yangu alikipiga akiwa amekaa kwenye kigoda, nikaisoma imeandikwa “piano ya kidole gumba”. Mimi Mgogo ndiye niliyebandika hayo. Sikuyasoma.

Mkabidhi mmoja aliweka bango juu ya kila makala kwamba ni tafsiri ya kompyuta, kisha akaniandikia kwenye ukurasa wangu wa majadiliano mistari mitatu: afadhali makala moja fupi inayosomeka kuliko saba za takataka, nina muda wa kuzisafisha, zisiposafishwa zitafutwa. Nilisafisha tatu. Nne zilifutwa na nikashukuru. Kila makala ilinichukua siku mbili, na nilijifunza mengi kwenye zile tatu kuliko kwenye kila kitu kingine. Nilijifunza kuweka tanbihi, yale maelezo ya chini yanayotaja chanzo. Nilijifunza kwamba sentensi yenye sifa bila mfano ifutwe. Nilijifunza kwamba makala fupi si aibu: inaitwa mbegu, inawekewa alama ya mbegu, na mtu mwingine anakuja kuimwagilia.

Kwa hiyo anayeanza leo ningemwambia asianze na makala mpya kabisa. Arekebishe tahajia, aongeze chanzo kimoja mahali pasipo na chanzo, aiweke makala kwenye jamii yake, yaani kundi la makala za mada moja. Wiki mbili za kazi ndogondogo hizo zinakufundisha adabu za nyumba. Na tafadhali, tumia kompyuta ukiweza. Simu inatosha kusahihisha neno, lakini kuandika tanbihi kumi kwa kidole kwenye kioo kilichopasuka, kama changu, ni adhabu.

Oktoba 2023 nikapanga siku ya kuhariri kwa pamoja. Hii niieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo hela ziliponitoka. Nilipata chumba cha darasa bure Jumamosi, kwa hisani ya mwalimu mmoja mteja wangu. Wanafunzi wa vyuo kumi na wanane wakakubali kuja. Nikawaita na mama watano wa kikundi, nikiwa na wazo kwamba vijana wawahoji, waandike, jioni majina yawe bluu. Bando la intaneti nililipa 40,000, projekta ya kukodi 50,000, chai na maandazi 36,000, nauli za mama watano kutoka Chamwino na kurudi 20,000. Jumla 146,000, fedha ya kibanda, bila kumwambia mume wangu. Alikuja kujua, lakini hayo ni mengine.

Saa tatu asubuhi tukaanza kufungua akaunti, wote kwenye ruta moja. Akaunti ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya sita sawa. Ya saba ikakataa. Tukabadilisha kompyuta, ikakataa. Kumbe mfumo hauruhusu zaidi ya akaunti sita mpya kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, ili kuzuia wahuni. Anayeandaa tukio anatakiwa kuomba mapema kikomo hicho kiondolewe kwa siku hiyo, au awaambie watu wafungue akaunti nyumbani wiki moja kabla. Sikuomba, sikuwaambia. Nikawaambia waliobaki watumie bando za simu zao. Baadhi wakakuta ujumbe kwamba anwani yao imezuiwa kuhariri. Makampuni ya simu hugawia wateja wengi anwani moja. Mmoja akiharibu ukurasa Mbeya, mwingine anafungiwa Dodoma bila kosa. Dawa yake ipo, mwenye akaunti anaweza kuomba aruhusiwe licha ya kizuizi, lakini maombi hayo hayajibiwi ndani ya dakika kumi huku watu kumi na wawili wakikutazama.

Saa sita umeme ukakatika. Projekta ya elfu hamsini ikawa meza ya kuwekea vikombe.

Wakati huo mama watano wamekaa benchi la nyuma, wamevaa nguo zao za ngoma, wamefunga njuga, wanasubiri kuambiwa wafanye nini. Binti mmoja wa chuo, mtoto wa Kondoa, akaenda kuwaamkia, “Mbukwenyi,” akakaa nao, akafungua daftari. Alikuwa na kalamu tu. Aliwauliza nani aliwafundisha kupiga, nyimbo zipi ni za mavuno, zipi ni za unyago wa wasichana, ngozi ya ngoma ni ya mnyama gani. Aliandika kurasa tisa. Ukiniuliza siku ile ilizaa nini, ni zile kurasa tisa, na haziwezi kutumika kama chanzo.

Ndiyo, haziwezi. Alichosema mama kwa mdomo wake, kama hakijachapishwa popote, Wikipedia haikipokei. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi huko India na Afrika Kusini wa kurekodi masimulizi ya mdomo na kuyatumia kama vyanzo. Mabishano yalikuwa makubwa na kanuni ikabaki palepale. Nina maoni yangu kuhusu hilo na si mazuri. Ustaarabu wetu mwingi uko kinywani, halafu tunaambiwa kinywa si ushahidi. Ila nimehariri muda wa kutosha nikaona pia upande wa pili: wiki haiishi bila mtu kuja kuandika kwamba babu yake ndiye aliyemfundisha msanii fulani mashuhuri. Bila kanuni, pangekuwa gulio.

Suala la picha liliniumiza zaidi. Mara ya kwanza nilipakia Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, picha nzuri ya kikundi iliyopigwa na mpiga picha wa harusi, nikiwa nimeitoa kwenye grupu la WhatsApp. Ikafutwa, kwa haki. Picha ni mali ya aliyebonyeza, si ya aliyepigwa wala aliyetumiwa. Ili ibaki, mpiga picha mwenyewe atume idhini kwa barua pepe kwa wahudumu wa kujitolea wa Commons, akitaja leseni. Wa kwetu alipoelezwa akataka 150,000. Simlaumu, kamera ndiyo inayomlisha.

Basi nikapiga mwenyewe kwa simu, nyumbani kwa shangazi, jua la saa kumi. Picha arobaini. Kabla ya kupakia nikaona niwaeleze leseni, maana nilikuwa nimeshaisoma. Nikasema: picha hii mtu yeyote duniani ataweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje aliyeipiga.

Shangazi akanyamaza. Kisha akasema, “Kwa hiyo mtu wa Ulaya anaweza kuniweka kwenye pakiti ya majani ya chai?”

“Anaweza, shangazi.”

“Na mimi nisipate hata kikombe?”

“Usipate.”

“Usiiweke.”

Mama wawili wakasema zao niweke, wawili wakasema hapana. Nilikasirika moyoni, nikajiona ninapigania watu wasiotaka. Nikamjibu shangazi vibaya, nikasema basi abaki asijulikane. Hatukusemeshana karibu miezi mitatu. Leo namshukuru kwa lile swali la majani ya chai; ni swali ambalo kila mwenye kamera angepaswa kuulizwa. Sasa nauliza kabla ya kupiga, si baada, na nauliza kila mtu peke yake, kwa sababu mbele ya wenzake mtu huona haya kukataa. Nyimbo za unyago ndiyo sigusi kabisa. Mama walituambia wazi: zile zina wenyewe na zina mahali pake.

Nirudi kwenye vyanzo. Mwanzoni mwa 2024 nilibadilisha swali. Badala ya kuuliza “nimwandikeje shangazi?” nikauliza “nini kimeshaandikwa kuhusu muziki wa Wagogo?” Kumbe vipo vingi kuliko nilivyodhani, vimetawanyika tu. Mzee Hukwe Zawose, mzaliwa wa huku kwetu mwaka 1938, aliyeitwa na Mwalimu Nyerere kwenda Dar es Salaam, akafundisha Bagamoyo na kufariki hukohuko tarehe 30 Desemba 2003, ameandikwa sana nje ya nchi kwa sababu ya rekodi kama “Chibite” ya mwaka 1996. Mtafiti Mhispania, Polo Vallejo, ametumia miaka mingi kuchunguza uimbaji wa Wagogo na kuuchapishia kitabu. Dkt. Kedmon Mapana, mtu wa Chamwino aliyekuja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), ameandika makala za kitaaluma kuhusu muziki huu na ndiye mwanzilishi wa tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika hapohapo Chamwino. Yote hayo nilikuwa nimekaa nayo mlango kwa mlango.

Magazeti ya zamani niliyafuata maktaba. Ukienda, beba maji, kitambaa cha kufutia vumbi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, inasaidia. Piga picha ukurasa mzima wa gazeti pamoja na tarehe na namba ya ukurasa. Mimi safari ya kwanza nilipiga habari tu bila tarehe, nikarudi nyumbani na picha ishirini na mbili ambazo hazitumiki. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni, hilo wengi hawalijui. Gazeti la karatasi la miaka ya sabini lina haki sawa na tovuti, mradi uandike jina la gazeti, tarehe na ukurasa ili mwingine aweze kulitafuta.

Halafu Juni 2024 likatokea jambo lililonifundisha kanuni yote kwa mfano mmoja. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Mzee Hukwe, walitoa albamu yao, “Maisha”, wakijiita The Zawose Queens. Wanawake wa ukoo ule walikuwa wamekaa miaka mingi nyuma, wakiitikia na kupiga muheme, huku majina ya mbele yakiwa ya wanaume. Albamu ilipotoka, waandishi wa muziki wa Ulaya wakaihakiki, wakawahoji, wakaandika majina yao mawili kamili. Ghafla vyanzo vipo. Watu ni walewale, mikono ni ileile ya mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwingine ameandika.

Nilifurahi kwa ajili yao mpaka nikapiga vigelegele kibandani, mteja akanishangaa. Nilifurahi na nikaona wivu, vyote kwa pamoja.

Tangu hapo nafanya kazi kwa namna nyingine. Nguvu nyingi naweka kwenye makala za vitu: ngoma ya muheme, zeze, ilimba, nyimbo za msunyunho. Vitu hivi vina vyanzo vya kutosha, na ndani ya makala hizo kila msanii aliyetajwa na chanzo chochote, hata kwa sentensi moja, namtaja kwa jina lake. Sentensi moja haitoshi kumpa mtu makala yake lakini inatosha kumpa nafasi kwenye makala ya ngoma yake. Anayemtafuta kwa jina anamkuta. Yule binti wa Kondoa ndiye mwenzangu. Yeye anapekua tasnifu za vyuo, mimi magazeti. Tupo wanne wa kudumu sasa, kati ya wale kumi na wanane. Tunakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, kila mtu na bando lake, hakuna projekta.

Udugu wangu na shangazi nimeutangaza. Nilikuwa nimeuficha, mpaka mhariri mmoja akauliza kwa nini napenda sana kijiji kimoja. Kwenye ukurasa wangu wa mtumiaji nimeandika kwamba wapo wasanii ambao ni ndugu zangu, na nikitaka kuongeza jambo linalowahusu naliweka kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano ili mwingine aamue. Inachelewesha. Lakini tangu nifanye hivyo sijafutiwa hata mstari.

Mwishoni mwa 2024 gazeti moja lilituma mwandishi kwenye sherehe huko kijijini. Sikumwita wala sikumlipa, ingawa niliposikia yupo nilimpelekea maji na majina ya mama wote yameandikwa kwa herufi kubwa. Ikatoka nusu ukurasa. Jina la shangazi limo, limeandikwa vizuri. Nilinunua nakala tano. Nikapeleka sentensi kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, mwenzangu akaikubali, ikaingia, na tanbihi yake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Chamwino nikamsomea. Alikuwa anachambua mlenda. Akasikiliza, akaniambia nirudie.

“Kumeandikwa mwimbaji?”

Gazeti lilikuwa limeandika “mwimbaji mkongwe wa muheme”.

“Mimi siimbi. Tangu nilipougua kifua nani amenisikia naimba? Mimi napiga. Futa hapo andika napiga.”

Nikaanza kumweleza. Kwamba chanzo kinasema mwimbaji. Kwamba siwezi kuandika ninachokijua mimi, hata kama nakijua tangu nikiwa nimebebwa mgongoni kwake. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyesomeshwa sana. Nilimpigia mwandishi, akasema habari imeshapita, masahihisho ni mlolongo. Nilichoweza ni kuliondoa hilo neno, likabaki jina na kikundi chake tu.

“Sasa watajuaje napiga?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Akamaliza mlenda, akanawa, akaingia ndani, akatoka na ngoma yake. Akaniambia nitoe simu.

“Uso hapana. Uso usije ukaenda kwenye majani ya chai. Piga mikono.”

Nikapiga mikono. Vidole vimetanuka, bangili mbili za shaba, kiganja cha kulia hakijagusa ngozi bado. Nikamuuliza kama jina liwe chini ya picha akasema ndiyo, lote, na la baba yake. Nikampa masharti ya leseni upya, neno kwa neno, akanikatisha akasema ameshasikia. Picha iko Commons, na iko kwenye makala, upande wa kulia, na maelezo yake yanasema anapiga.

Mwezi uliopita nilimwonyesha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya kibandani. Aliinama mpaka pua ikakaribia, akaiangalia muda mrefu. Kisha akasema ngozi ya ngoma ile siku ile ilikuwa imelegea, ningemwambia mapema angeianika juani kwanza.